Gari Lililolaliwa na Mbuzi

Pini ikianguka chini ya cherehani haipigi kelele, wala haimwiti aliyeiangusha. Hulala pale mvunguni, katika vumbi na vipande vya nyuzi, ikimngoja mwenye haja nayo. Mwenye haja akiona haya kupiga magoti mbele ya watu, atanunua pini nyingine, kisha nyingine tena, na kesho mtoto wake atakanyaga ile ya kwanza. Ndiyo maana waliotutangulia wakatuachia neno kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nao hawakuwa wakisema habari ya mgongo peke yake. Kuna kuinamisha mgongo, na kuna kuinamisha moyo, na huku kwa pili ndiko kugumu.

Waruguru alilijua neno hilo kwa magoti yake. Kibanda chake kilikuwa Kariobangi, katikati ya mafundi wa jua kali, ambako nyundo zilianza kulia kabla jogoo hawajamaliza zamu yao. Upande huu walifua masufuria, upande ule walichomelea milango ya vyuma, naye alishona maturubai ya malori, mahema na viti vya magari. Shingoni alivaa uzi mweusi wenye sumaku ndogo ya mviringo iliyotolewa katika spika ya redio iliyokufa. Pini zikimwagika, aliinama, akaipitisha sumaku sakafuni, nazo pini zikamjia zenyewe kama vifaranga waliomwona mama yao. Binti yake Njoki, wa miaka mitatu, aliamini kabisa kwamba mama yake ni mganga.

Siku moja mwanzoni mwa mwaka 1986, mumewe Mbuthia alirudi nyumbani saa nne asubuhi, saa ambayo dereva wa kampuni hapaswi kuonekana mtaani. Kampuni aliyoiendeshea gari kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa imefunga milango. Walimpa kiinua mgongo chake ndani ya bahasha ya kaki, wakampa mkono, wakamwambia kwaheri. Mbuthia aliiweka bahasha mezani, akaketi, akaitazama kama mtu anayetazama yai la mwisho katika kiota.

"Mama Njoki," alisema hatimaye, "hii ndiyo mbegu yetu. Tukiila, tumekwisha. Tukiipanda pabaya, tumekwisha vilevile."

Kumbe alikuwa ameshafikiri mahali pa kuipanda. Aliwahi kumpeleka mkubwa wake kwenye harusi ya matajiri, na huko akamwona bibi harusi ameketi katika gari la spoti la Kiingereza, gari la viti viwili ambalo paa lake la turubai hukunjwa nyuma kama mwavuli. Shela ya bibi harusi yule ilipepea nyuma yake kama moshi mweupe. Picha hiyo haikumtoka Mbuthia kichwani. Kwa nini binti wa mtaa wa kawaida kama Bahati au Umoja naye asipepee vile siku yake? Wangenunua gari kuukuu la namna hiyo, wakalitengeneza, wakalikodisha kwa harusi za Jumamosi. Yeye ni dereva, mkewe ni fundi wa viti na mapaa. Walikosa gari tu.

Tena mteja wa kwanza alikuwepo. Mzee Thuo, mwenye ghala la nafaka pale Kariobangi, alikuwa akimwoza binti yake Teresiah Jumamosi ya mwisho ya Aprili. "Nyinyi leteni gari," aliwaambia, "nami nitaleta binti."

Gari la kwanza walilikuta kando ya Barabara ya Jogoo, katika uwanja wa muuza magari aliyeitwa Caleb. Lilikuwa jekundu kama pilipili iliyoiva, linang'aa hata mtu angeweza kunyolea ndevu ubavuni mwake. Caleb mwenyewe alivaa tai, na ulimi wake ungeweza kumuuzia samaki mwavuli. Jirani yao Kinyanjui, mwenye duka la nguo, alikuwa amewasindikiza. Alisema amekuja kuwa macho yao, ingawa macho hayo yalipoliona lile gari yalisahau kabisa ni ya nani.

"Mzee, ingia, kaa, usikie utamu," Caleb alimwambia Mbuthia.

Mbuthia aliketi, akashika usukani. Uso ambao kwa majuma mawili ulikuwa umekunjamana kama nguo iliyolaliwa ulinyooka mara moja. Waruguru aliuona uso ule, na moyo wake ukamwuma kwa mapenzi. Alitamani sana gari lile liwe jema. Ndiyo sababu hakuridhika kulitazama kwa kusimama.

Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, la buluu, lenye kola nyeupe. Hakulijali. Alipiga magoti juu ya kokoto, akainama hadi shavu likakaribia kugusa chini.

"Mama, umepoteza kitu?" Caleb aliuliza.

"Bado," alijibu Waruguru. "Natafuta mapema, nisije nikapoteza."

Akavua sumaku yake shingoni. Aliiweka kwenye boneti, ikashika. Aliiweka juu ya gurudumu, ikashika. Lakini alipoiweka chini ya mlango, pale palipong'aa kuliko pote, sumaku iliteleza ikaanguka kokotoni. Akairudisha, ikaanguka. Akaisogeza mbele na kuirudisha nyuma, urefu wote wa mlango, nayo ikaanguka kila mara kama mlevi anayekataa kusimama.

"Hiyo sumaku ni ya pini, mama," Caleb alicheka. "Gari hili limetoka Uingereza."

"Hata Uingereza, chuma ni chuma." Waruguru aligonga kwa kifundo cha kidole. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kibuyu. "Baba Njoki, hapa hapana chuma. Kutu ilishakula ikashiba. Hii ni puti ya kuzibia mashimo, na rangi juu yake. Na gari lisilo na paa halina kingine cha kulishika. Linashikwa na hapa chini tu."

Watu wawili watatu waliokuwa wakipita walisimama kutazama. Mbuthia alijisikia masikio yakiwaka. "Inuka basi," alinong'ona. "Inuka, watu wanatuona."

Waruguru aliinuka, magoti yakiwa na alama za kokoto, akajipangusa. Lile neno la mumewe lilimchoma kuliko kokoto. Hata hivyo Mbuthia hakutoa bahasha. Alikuwa na hasira, lakini alijua kwamba katika miaka yao yote pamoja hajawahi kumwona mwanamke yule akikata kitambaa pasipo kupima.

"Tutalala na neno hili kwanza," alimwambia Caleb.

"Nyinyi laleni," Kinyanjui alidakia. "Mimi niko macho. Nalitaka mimi!"

Kabla ya juma kwisha, gari jekundu lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka la Kinyanjui, na watoto wa mtaa mzima walikuwa wakijitazama ubavuni mwake. Waruguru alimwendea kumwonya. Alimwonya mara mbili, kwa upole wa jirani, na mara ya pili akaambiwa arudi kwenye pini zake.

Nyumba ikawa kimya. Mbuthia hakumgombeza mkewe, ila alikula akitazama dirishani, na hilo lilikuwa baya zaidi ya ugomvi. Majuma matatu yalipita namna hiyo, hadi asubuhi moja alipokuja kibandani Mumina, mke wa mzee Jimale mfanyabiashara wa mbuzi kule Kiamaiko. Alileta kipande cha turubai kilichochakaa.

"Mama Njoki, nitilie kiraka hapa. Mbuzi wamekula paa tena."

"Mbuzi wanakula paa la nyumba?"

"Nyumba gani? Paa la gari! Lile gari la mzee, dogo, la kukunjwa. Mimi nimemwambia auze, nipate mahali pa kuanika nguo."

Mguu wa Waruguru ulisimama juu ya kikanyagio cha cherehani. "Mama Raho," alisema polepole, akimwita kwa jina la binti yake, "hilo gari lina viti vingapi?"

"Viwili. Na wanalala mbuzi wanne."

Siku iyo hiyo mchana walikuwa Kiamaiko. Gari lilikuwa ndani ya zizi, nyuma ya soko. Rangi yake haikujulikana, kwa maana vumbi na manyoya vilikuwa vimeifunika. Juu ya boneti alisimama beberu mwenye ndevu ndefu, akiwatazama kama mwenyekiti wa kamati anayesubiri wageni wajieleze. Wana-mbuzi wawili walikuwa wamejikunja kwenye kiti cha dereva. Harufu ilikuwa imewapokea tangu njiani.

"Karibuni, karibuni," alisema mzee Jimale, mtu mrefu mwenye ndevu zilizopakwa hina. "Wanaume saba wameshakuja kuliona. Wallahi, wote walitazama kwa pua, wakaenda zao."

Mbuthia naye alikuwa tayari ameziba pua yake. Suruali yake ilikuwa imepigwa pasi ikasimama mstari. Alizunguka gari mara moja, kwa mbali. "Twende," alisema.

Lakini Waruguru alikuwa ameshajifunga leso kiunoni. Aliomba gunia, akalitandika juu ya samadi, akalala chali, akajisukuma mvunguni mwa gari hadi ikaonekana miguu tu.

"Mama Njoki! Kwenye mavi ya mbuzi?"

Kutoka chini ya gari kukasikika kicheko.

"Ukicheka huko chini unanitia hofu."

"Baba Njoki, njoo uone."

"Wewe niambie tu."

"Haya si ya kuambiwa. Njoo."

Mbuthia aliinama kiasi cha mtu anayefunga kamba ya kiatu, akaona giza, akainuka. Basi ikabidi mkono wa mkewe utoke nje kumletea habari. Ulikuwa umepakaa mafuta mazito, meusi kwa vumbi. "Sumaku inang'ang'ania kila mahali," sauti yake ilisema. "Naivuta kwa nguvu ndipo inaachia. Chuma chote kizima, kimepakwa mafuta kama mtoto aliyetoka kuoga!"

Mzee Jimale alitabasamu. "Hayo ni mafuta ya mbuzi. Gari hili niliachiwa na mzungu mpima ardhi. Alikuwa anafanya karamu ya kuaga, akataka mbuzi kumi na wawili, akanipa hili. Mimi kuendesha sijui. Mpwa wangu huliwasha siku za Idi tu, watoto wafurahi. Lakini babu yangu alinifundisha, kitu ukishakipokea, kitunze. Ngozi usipoipaka mafuta inapasuka, na chuma usipokipaka mafuta kinaliwa. Kwa hiyo kila nikichinja, yanayobaki napaka huko chini. Mwaka wa sita huu."

"Na hao wanaume saba hukuwaambia?"

"Waliniuliza jambo moja tu, mama. Kwamba, mzee, harufu hii itatoka?"

Sasa ilikuwa zamu ya Mbuthia. Alimwomba beberu radhi, akafungua boneti. Hapo hakuna aliyehitaji kumfundisha. Alisafisha plagi, akatia maji mapya, akaazima betri ya lori la mbuzi. Injini ilikohoa mara tatu, kisha ikanguruma, na mbuzi wakatawanyika soko zima wenyewe wakiwafuata. Mke na mume wakashika Barabara ya Kangundo hadi Njiru, ambako enzi hizo kulikuwa na mashamba na upepo mtupu. Upepo ule uliondoa harufu, ukaondoa na kimya cha majuma matatu. Mbuthia aliendesha akiimba.

"Sikuinama," alisema ghafla, walipokuwa wakigeuza.

"Nimeinama kwa niaba yako," Waruguru alijibu. "Lakini siku moja utanilipa."

Walilinunua siku ile. Bei yake haikufika hata nusu ya lile jekundu, kwa hiyo bahasha ilibaki na cha kununulia rangi, kitambaa na mipira mipya ya magurudumu.

Oo, lakini dunia ina midomo! Gari lilipoingia Kariobangi na manyoya yake, mafundi waliweka nyundo chini wapate kucheka vizuri. Makondakta wakipita walilia "Meee!" badala ya kupiga filimbi. Kinyanjui aliegemea gari lake jekundu akauliza kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo, "Mbuthia, hilo lako linakunywa petroli ama linakula nyasi?"

Waruguru alijifunga leso. Alikuwa na kazi. Aling'oa viti vyote, akavijaza makumbi mapya, akavivika ngozi laini. Paa alilikata katika turubai jipya zito, akalishona mshono wa mara mbili, kisha akayeyusha nta ya nyuki akaisugua katika kila tundu la sindano hadi maji yaliyomwagwa juu yalibiringika kama shanga. Mbuthia alilisugua gari, akalipaka rangi ya maziwa. Likapendeza. Ila saa sita mchana, jua likiwaka, ile harufu ilikuwa bado ipo kidogo, kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini bado amesimama mlangoni.

Na kwa bahati mbaya, saa sita mchana ndiyo saa aliyokuja mzee Thuo kulikagua. Aliandamana na dada yake, shangazi Jecinta, mwanamke mwenye kifua kipana na maneno yasiyokosa shabaha. Shangazi aliingiza kichwa ndani ya gari, akakitoa.

"Kaka, binti yetu aolewe akinukia supu?"

Mzee Thuo alijikuna kidevu. "Msinielewe vibaya. Gari ni zuri. Lakini Kinyanjui amekubali kutupa lile jekundu." Akawatazama, akaona haya. "Nyinyi... mtabeba keki."

Walipoondoka, Mbuthia alitupa kitambaa cha kung'arishia chini. "Keki! Dereva wa miaka kumi na mmoja abebe keki nyuma ya Kinyanjui! Sendi popote."

Waruguru alimwacha apumue. Alijua vilevile hali ilivyokuwa. Bahasha ilikuwa imekwisha. Hawakuwa na mteja mwingine, na kodi ya nyumba haikuwa ikingoja heshima ya mtu irudi. Akampakata Njoki, akasema taratibu:

"Baba Njoki, tukikataa, gari litabaki hapa nje, na Kariobangi yote italijua kwa jina la mbuzi. Tukibeba keki, watu mia tatu wataliona likitembea. Mimi nimelala kwenye samadi kwa ajili ya gari hili. Wewe nakuomba uinamishe moyo, siku moja tu."

Mbuthia aliokota kile kitambaa, akakikung'uta, akaanza kusugua boneti. Fundi wa jirani alimaliza kufua sufuria nzima.

"Keki yenyewe," aliuliza hatimaye, "ni ya orofa ngapi?"

Jumamosi ya harusi ilipambazuka na mawingu, kama zilivyo Jumamosi za Aprili. Msafara uliondoka Umoja kwa nyimbo na vigelegele. Gari jekundu lilikuwa mbele, paa limekunjwa, Teresiah ameketi kando ya Kinyanjui akiwa mweupe kama yungiyungi. Likafuata gari la mzee Thuo na shangazi Jecinta, kisha lile la rangi ya maziwa, Mbuthia katika shati jeupe lililopigwa pasi, na Waruguru kando yake ameshika keki ya orofa tatu magotini. Nyuma yao zilikuja pikapu na matatu zilizosheheni ndugu.

Maili moja kabla ya kufika kanisani, gari jekundu liliingia shimoni. Halikuwa shimo kubwa. Lakini kulisikika mlio kama wa kitanda kinachovunjika, na gari likasimama katikati ya barabara, tumbo lake limelegea katikati kama punda aliyebebeshwa kupita kiasi.

Kinyanjui alivuta mlango wake, haukufunguka. Akauruka. Akazunguka kuvuta wa bibi harusi, na mkono wa mlango ukabaki kiganjani mwake. Ngurumo ikapita juu ya mji. Akakimbilia paa kulifunika gari, lakini vyuma vya paa vilikuwa vimepinda pamoja na tumbo, likakwama nusu njia. Teresiah, katika gauni lililoshonwa kwa miezi minne, alikuwa amefungiwa chini ya mbingu iliyoiva mvua.

"Aruke tu!" mtu alisema.

"Nani aruke?" shangazi Jecinta aliwaka. "Bibi harusi anatoka mlangoni! Anaruka ua, yeye ni mbuzi? Na hilo gauni likinasa, ataingia kanisani na nini?"

Wanaume walivuta, wakasukuma, wakashauriana. Tone la kwanza lilianguka juu ya shela. Teresiah aliikunja shela mapajani, akaifunika kwa mikono miwili.

Mbuthia alikuwa ameshashuka. Alilitazama lile tumbo lililolegea, akakumbuka sumaku iliyoanguka kama mlevi. Akaelewa yote. Kisha akamtazama mkewe.  Waruguru alishika keki yake tu. Na Mbuthia, aliyekuwa na haki ya kumwambia Kinyanjui, "Si ulionywa?", maneno ambayo kila mume, mke na jirani duniani hupenda kuyasema, hakuyasema. Alitoa jeki katika gari lake, akachukua na kipande cha ubao, akalala chali katika tope la barabara na shati lake jeupe.

"Mbuthia, shati!" Kinyanjui alisema.

"Shati litafuliwa."

Pale alipoweka jeki kwanza, ilizama ndani kama kidole katika papai bivu, na gazeti lililolowa, lililokuwa limeshindiliwa humo mahali pa chuma, likamwangukia mdomoni. Alilitema. "Mama Njoki!" aliita kutoka chini. "Sumaku!"

Waruguru alimkabidhi shangazi Jecinta keki. Akavua uzi mweusi shingoni, akapiga magoti topeni, akamnyooshea mumewe sumaku. Mikono yao ikakutana mvunguni. Mbuthia aliipitisha sumaku chumani polepole, akisikiliza kwa vidole. Ikaanguka. Ikaanguka. Ikaanguka tena. Kisha, karibu na gurudumu la nyuma, ta! Ikashika.

"Hapa pana chuma!"

Akakingamisha ubao, akatia jeki, akazungusha. Gari jekundu lililalamika, likainuka kidogo, kidogo tena, na mlango ukalia ko! ukafunguka wenyewe. Vigelegele vilivyopanda pale viliishinda ngurumo. Teresiah alitoka mlangoni kama shangazi yake alivyotaka, gauni zima, hata uzi haukukatika.

Waruguru alikuwa ameshafika kwenye gari la rangi ya maziwa. Alishika paa lake kwa mikono miwili, akalivuta mara moja tu, nalo likaja likafunga kama kifuniko cha sufuria. Teresiah aliingia, na mvua ikashuka kwa ghadhabu ya kitu kilichocheleweshwa. Ilipiga turubai, ikabiringika kama shanga, ikaenda zake. Ndani halikuingia tone.

Waruguru aliinama mlangoni kuukunja mkia wa gauni. Teresiah alivuta pumzi, akatulia, kisha akaanza kutabasamu.

"Mama Njoki, humu ndani kunanukia kama kwa nyanya yangu."

"Samahani, mwanangu, tumelisugua hadi..."

"La, usiniombe samahani. Kama kwa nyanya yangu siku ya sherehe."

Gari likaondoka. Waruguru alifuata katika pikapu, amelowa, mwenye furaha, Kinyanjui kando yake amemshikia orofa ya juu ya keki. Walipokaribia kanisa mvua ilikatika ghafla, jua likatokeza, na kwa mbali alimwona Mbuthia akisimama kidogo, akilikunja paa, kisha akiingia langoni taratibu kama anayebeba mayai. Shela ya Teresiah ilipepea juu ya gari la mbuzi. Watu mia tatu waliiona. Dereva alikuwa na tope kutoka kisogoni hadi kisiginoni, na hakuna dereva aliyewahi kukaa wima kuliko yeye siku ile.

Wakati wa karamu mzee Thuo alisimama na kuomba radhi mbele ya watu wote. Shangazi Jecinta naye alisimama, akatangaza kwamba binti yake mwenyewe ataolewa Agosti, na asithubutu mtu yeyote kulichukua gari lile Jumamosi hiyo. Kabla keki haijakatwa, Jumamosi zote hadi Desemba zilikuwa zimepata wenyewe. Ilibaki siku ya Idi peke yake, nayo Mbuthia alikataa kuikodisha. Siku hiyo aliwatembeza mzee Jimale na Mumina hadi Njiru na kurudi, mmoja mmoja, paa likiwa wazi.

Kinyanjui alilivuta gari lake hadi Kariobangi, mafundi wakalikata tumbo lote wakalitia chuma kipya. "Mlijuaje?" alimwuliza Mbuthia, akiwa na haya. Mbuthia hakumcheka. Alimwonyesha lile shati jeupe, ambalo doa la mgongoni lilikataa kutoka kabisa, akasema, "Mwenzangu alijua mapema. Mimi nimejua juzi."

Juma lililofuata kopo la pini lilimwagika kibandani. Kabla Waruguru hajasukuma kiti, mumewe alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mafundi wote, na sumaku mkononi. Pini zikamjia zote. Njoki alimtazama kwa mshangao, akapiga makofi, akatangaza kwamba sasa baba naye ni mganga. Wazazi wake walicheka hadi machozi, kwa maana wao walijua kwamba uganga haukuwepo hata kidogo, ila ni vile wahenga walivyonena: mtaka cha mvunguni sharti ainame.